Gavana Shee na Magari Matano ya Usukani wa Kushoto

Alhamisi hii, tarehe 29 Januari 2026, Bwana Abdullatif Shee Madi anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mizigo kwa miaka thelathini na mitatu. Hapo sijahesabu ile mitano ya katikati, ambayo hakuwa nasi kwa sababu alikuwa gavana wa Kaunti ya Mtangani, pwani ya Kenya. Ofisi nyingi hapa Al Rigga, Dubai, zimewahi kuaga meneja. Ya kuaga gavana ni yetu peke yetu, na tumeringa nayo vya kutosha.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu imekuwa jirani na yake tangu 2006, na kwa sababu, kama alivyosema madam Caren wa Rasilimali Watu, mimi husema sana, si vibaya mara moja nikaandika. Ulitakiwa uwe tayari wiki mbili zilizopita. Haukuwa, na kosa si langu. Wasifu wa mstaafu lazima useme mtu anakwenda wapi, na Gavana hataki kusema anakwenda wapi. Makatoni yake kumi na moja yamefungwa kamba ghalani, yana jina lake na nambari yake ya simu, na pale pa kuandika mji hapana kitu. Mkewe, Bi Fairuz, anasema wanarudi kwao Mtangani. Yeye mwenyewe Jumatatu husema Mombasa, Jumatano husema atakaa kwanza kwa mwanawe Sharjah. Madam Caren ameshaniandikia mara tatu: "Swafiya, hii form haiwezi kwenda blank. Nijazie destination, please." Nijaze nini?

Na hatulii. Alishakabidhi kazi tangu tarehe kumi, lakini kila asubuhi anakuja, anashuka ghalani, anafungua kamba alizozifunga jana na kuzifunga upya, anapanda ofisini, anasimama dirishani, anashuka tena. Nassor wa mapokezi, ambaye ni Mzanzibari na ana subira kuliko sisi wote, alimwambia juzi, "Gavana, hebu kaa kitako japo kidogo, wanizungusha kichwa." Alikaa dakika mbili. Nami nimekuwa hivyo hivyo, naandika mstari na kufuta, kwa hiyo mtanisamehe wasifu huu ukienda kwa kurukaruka.

Alikuja Dubai Machi 1988, akiwa na miaka ishirini na sita, akapokewa katika ghala letu la zamani la Al Jaddaf, wakati huko hakujaota mnara hata mmoja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika majina juu ya makatoni kwa kalamu nene, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyompeleka mbali. Watu wetu wanaolala kambi za wafanyakazi za Muhaisnah, wanaofanya kazi majumbani na mahotelini, walituma kwao mablanketi, maziwa ya unga, vyerehani na televisheni, na kila kitu kilifika na mwandiko ule ule ulioinama kidogo. Mtangani kuna nyumba zilizoujua mwandiko wa Abdullatif Shee miaka ishirini kabla ya kuijua sura yake.

Yeye ndiye aliyetuletea desturi ambayo wateja wapya huishangaa hadi leo, kwamba kontena halifungwi mpaka kila mpokeaji aitike. Huko nyuma, simu zilipokuwa chache, alipiga ya dukani, ya posta, hata ya chuo cha Kurani, akasubiri mtu aitwe. Mwaka 1994 meli ilikuwa inapakia na mpokeaji mmoja wa Mtangani haitikii. Arbab wa wakati huo, yaani mwenye kampuni, marehemu babake Bwana Maan anayeiongoza sasa, alimwambia yalla, funga. Hakufunga. Alipiga simu ya duka la jirani mara tisa, hadi mwenye duka akaenda kugonga mlango na kurudi kusema mpokeaji amefariki wiki iliyopita. Abdullatif akafuta jina la marehemu, akaandika la binti yake, ndipo akafunga. Meli tuliiwahi kwa dakika chache. Arbab hakumsemesha siku mbili, na siku ya tatu akampandisha cheo.

Alipanda hadi akawa Meneja wa Mizigo ya Afrika Mashariki. Katikati ya hayo alisoma shahada kwa masafa, Ijumaa baada ya Ijumaa, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye mizani ya mizigo. Hatukujua anasomea nini mpaka mwishoni mwa 2012, alipoandika barua ya kuacha kazi na kutuambia kwamba Kenya sasa ina kaunti na yeye anakwenda kugombea ya kwao. Tulicheka. Nassor alimuuliza kama huko nako ataandika majina juu ya makatoni.

Machi 2013 akashinda. Wapinzani wake walikuja na misafara ya magari. Yeye alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, na wazee wakamtolea vipande vya makatoni walivyokuwa wameviweka juu ya makabati, vyenye majina yao kwa mkono wake. Walimpigia kura mtu ambaye mzigo wake hufika.

Kazi ya ugavana aliifanya kama kazi ya mizigo, na sioni aibu kusema hivyo. Alianzisha Dawati la Kupokea, wanawake wanne na simu nne katika chumba kimoja cha makao makuu. Dawa zikitoka bohari ya kaunti kwenda zahanati, safari haihesabiwi imefanyika mpaka muuguzi wa huko apige simu na kusoma nambari iliyo juu ya boksi. Mradi wa maji hauhesabiwi umekwisha mpaka mama mmoja wa kijiji apige simu aseme ndoo yake imejaa. Miezi ya kwanza alipiga simu mwenyewe. Muuguzi mmoja, Bi Milly, alimjibu kwamba hakuna gavana duniani anayepiga simu kuulizia dawa ya malaria, akamwita tapeli na kumkatia. Wiki iliyofuata Gavana akamwita makao makuu, na yule mama alikwenda akijua amefukuzwa kazi. Akamfanya mkuu wa Dawati.

Katika muhula huo zahanati ishirini na sita zilikaa na dawa mwezi mzima, si wiki ya kwanza tu. Vijiji tisa vilipata bomba. Waliomfuata wameitoa picha yake ukutani, lakini Dawati hawakuligusa. Nilipiga wiki iliyopita kuhakikisha, kwa maana siandiki nisichokijua. Liliitika mlio wa pili.

Sasa nafika pale ambapo Gavana aliniomba nipapite haraka. Aliniambia niandike mstari mmoja. Nimejaribu mstari mmoja siku nne, na hautoshi.

Mwaka 2014 kaunti nzima ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Gavana akaja Dubai mwenyewe kutafuta mengine, maana magari alikuwa anayajua na hakutaka kudanganywa. Alipata matano, yaliyotumika kidogo, safi. Alikaa nayo siku mbili kule kwenye uwanja wa kuuzia magari. Alifungua injini, akagonga matairi, akapima mitungi ya oksijeni, akalala juu ya machela na kumwambia Nassor amsukume aone kama magurudumu yanalia. Aliketi nyuma ya usukani wa kila moja, akawasha, akashuka ameridhika. Ofisi nzima ilikwenda kupiga picha nayo. Mimi nilijaza karatasi zake za kusafirishia, nambari za chasisi, rangi, mwaka, nikatia sahihi mara tano.

Magari yote matano yalikuwa na usukani kushoto. Kenya gari hupita upande wa kushoto wa barabara na usukani hukaa kulia, na hakuna hata mmoja wetu asiyelijua hilo. Lakini ukikaa Dubai miaka ishirini, usukani wa kushoto ndio usukani. Huuoni tena. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana angeuona, na siku ile hapakuwa na mtu aliyeshuka jana. Wa kwanza kuuona alikuwa dereva wa bandarini Mombasa, aliyefungua mlango wa kulia ili apande akakuta kiti cha abiria.

Magari ya dharura hupewa kibali hata usukani ukiwa kushoto, na hayo yakapewa. Kuyarudisha kulimaanisha kusubiri miezi, na wagonjwa walikuwa wanabebwa kwenye mikokoteni. Basi Gavana akaamuru kila gari liwe na utingo, akae kulia, atazame barabara ya mbele, amwambie dereva pita au usipite. Mtindo huo ulikwenda miezi kumi na mmoja. Waliobebwa ni wengi, na waliofika hospitali wakiwa hai ni wengi, hilo nalo liandikwe. Kisha Agosti 2015 dereva mmoja, Junaid Bakari, alipata simu kwamba kuna mama uchungu umemkwamia zahanati ya mbali. Utingo wake alikuwa mgonjwa. Junaid hakusubiri apatikane mwingine. Njiani akajaribu kulipita lori la mawe, na kutoka pale alipoketi hakuweza kuona kinachokuja, akagongana nacho. Yule mama alichukuliwa na gari jingine akajifungua salama. Junaid alikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Gavana alikaa kando ya kitanda cha Junaid siku tatu. Siku ya nne alisimama mbele ya bunge la kaunti akasema, "Niliyanunua mimi, niliyakagua mimi." Alisema hivyo tu, akakaa. Hakutaja ofisi yetu. Hakumtaja Nassor aliyesukuma machela, wala mimi niliyeandika kila kitu kuhusu magari yale isipokuwa kile cha maana. Nilisikia hotuba hiyo kwenye simu nikiwa mezani kwangu hapa Al Rigga, na kusema kweli nilishukuru kutotajwa. Shukrani hiyo imenikaa vibaya kwa miaka kumi.

Uchaguzi wa 2017 ukaja. Kwenye mikutano ya wapinzani watu walikuwa wakiinua mkono wa kushoto na kuuzungusha hewani kama wanaoendesha gari, wanacheka. Walimwita Gavana Kushoto. Alishindwa kwa kura chache, akamkabidhi mwenzake ofisi kwa mkono wa heri, na siku hiyo hiyo akaondoka Mtangani na familia yake.

Novemba ile tulimkuta ameketi kwenye viti vya wateja, tai shingoni, anasubiri zamu yake. Bwana Maan alipotoka na kumwona alisema, "Yalla, khalas, meza yako ipo," na habari ikaishia hapo. Mwezi wa kwanza alivaa suti za ugavana kwa sababu hakuwa na nguo nyingine. Wafanyakazi wa ghalani walikuwa wakisimama wima kila akipita, wakidhani ni mkaguzi wa baladia, yaani manispaa, na kazi ilikwenda vizuri isivyo kawaida. Aliponunua mashati ya kawaida tuliumia kidogo.

Miaka minane hii ya mwisho ameijenga idara upya. Amewafundisha kazi zaidi ya watu arobaini, nusu yao sasa ni mameneja katika kampuni zinazoshindana nasi. Wakenya wakigombana na Watanzania kuhusu nani ameanza kupakia, yeye ndiye huitwa. Desemba wazee watatu wa Mtangani walipanda ndege hadi hapa kumwomba agombee tena 2027. Aliwapa kahawa na halua, akawasikiliza saa mbili, akawauliza kama wamewapigia wake zao kusema wamefika salama. Hawakuwa wamepiga. Akawapa simu, na mazungumzo ya kugombea yakafia hapo.

Lakini Mtangani hajarudi kukanyaga. Kakake alipofariki 2021 korona ilimpa udhuru, na udhuru ukaendelea baada ya korona kwisha. Binti wa dadake aliolewa, akatazama harusi kwenye simu. Na mara mbili kila mwaka, kabla ya Ramadhani na kabla ya shule kufunguliwa, hutuma katoni kwa Junaid Bakari. Mimi ndiye ninayejaza karatasi, kwa hiyo najua kitu ambacho wengine hawakijui. Katika makontena yote tuliyofunga tangu arudi, yapo yaliyofungwa bila mpokeaji mmoja kuitika, na mpokeaji huyo siku zote ni Junaid. Gavana hupiga, simu hulia hadi mwisho, kisha huniambia kwa sauti ndogo, "Funga tu." Mzigo ukifika wakala hutuambia umechukuliwa. Junaid hajawahi kupiga kusema amepokea.

Ndicho kinachomzuia. Si kura, wala si yale mazungusho ya mikono. Anaogopa mlango mmoja katika mji mmoja, na kwa ajili ya mlango huo yuko tayari kuzeeka Mombasa, au Sharjah kwenye chumba cha wageni, na Bi Fairuz azeeke naye huko huku nyumba yao ikiota vumbi. Bi Fairuz alinilalamikia mwezi huu, "Mimi nimemfuata kwenda na kurudi miaka arobaini, mwanangu. Safari hii moja tu nataka anifuate yeye."

Jumapili iliyopita nikachoka. Nikampigia Junaid kwa simu yangu mwenyewe, nambari ambayo haijui, na akaitika.

Ana kibanda cha kutengeneza simu sokoni Mtangani. Nilimweleza mimi ni nani na nimepiga kwa nini, na hakuniuliza mengi. Alisema mizigo imefika yote, watoto wamevaa, tende zimeliwa. Nikamuuliza basi kwa nini hakupiga hata mara moja. Akajibu, "Nikisema nimepokea, atadhani tumemalizana. Mimi na yeye hatujamalizana." Nikamuuliza kama anamchukia. "Nimchukie vipi? Alikaa kitandani kwangu siku tatu, hata maji alininywesha yeye. Kinachoniuma ni kwamba aliondoka bila kuniaga." Nikathubutu kumuuliza kama amemsamehe. "Kwa simu sitaki kumsamehe. Aje anione ninavyotembea. Nina maneno yangu nimwambie usoni, na yeye aseme yake. Tukishayasema tutajua. Aje kabla ya mfungo."

Nilipokuwa nataka kumuaga ikabidi nimwambie na la kwangu, kwamba karatasi za gari lile nilizijaza mimi, na sahihi iliyo chini ni yangu. Sikujua atasema nini. Alisema, "Basi njoo na wewe."

Gavana, Junaid nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya, akanipa. Wewe sikukuomba, kwa sababu ningekuomba ungeniambia nifunge tu. Unayasoma sasa ukiwa umeketi mstari wa mbele wa sherehe ya kukuaga, na nakujua, unataka kuinuka uende dirishani. Kaa. Ulisema mbele ya bunge kwamba uliyanunua wewe na uliyakagua wewe, ukanyamaza kuhusu sisi. Leo nasema mbele ya wenzetu kwamba hukuwa peke yako uwanjani siku ile. Nassor alikuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeshika kalamu. Ulitubebea kosa letu miaka kumi na hatukukushukuru, na pengine ndiyo maana limekuwa zito kiasi cha kukufungia njia ya kwenu.

Kwa niaba ya Bwana Maan, madam Caren na wote walioandikiwa jina lao juu ya katoni kwa mkono wako, asante. Asante kwa kila simu uliyoisubiri iitike wakati sisi wengine tulitaka kwenda nyumbani. Asante kwa kutufundisha kwamba kazi haijaisha mpaka aliyeko upande wa pili aseme imefika.

Nimeomba likizo ya siku kumi na madam Caren ameitia sahihi. Tiketi ni tatu, za Jumamosi, na Bi Fairuz anazo mkobani. Hatukukuuliza. Tunakutakia uzee wenye afya, usingizi mzuri, na maisha mema huko kwenu Mtangani. Mlangoni kwa Junaid utabisha wewe, na atakapouliza ni nani, nitaitika pamoja nawe.

Swafiya Awadh
Dawati la Nyaraka